Maneno ya Kiingereza nayo huoana: msaidie mwanao azijue ndoa hizo

Mzazi, tuseme mwanao anasoma shule ya upili mjini Isiolo na jioni moja ameketi mezani kuandika insha ya Kiingereza. Anaeleza jinsi mvua kubwa ilivyonyesha na jinsi nyanya yake alivyougua akanywa dawa. Insha inarudi imejaa wino mwekundu: "big rain" imekatwa, "drank medicine" imekatwa. Anakujia kwa huzuni na kukuuliza, "Mama, kosa langu ni lipi?"

Ukweli ni kwamba sarufi yake haina kasoro. Kilichomponza ni ndoa za maneno.

Katika Kiingereza, mvua kubwa ni "heavy rain", yaani nzito. Kunywa dawa ni "take medicine", hata dawa yenyewe ikiwa ya maji. Kusema uongo ni "tell a lie", wala si "say a lie". Kufanya kosa ni "make a mistake", ilhali kufanya kazi ya ziada ya shule ni "do homework". Nayo chai iliyokolea majani ni "strong tea".

Usijisumbue sana kutafuta sababu. Hizi ni desturi tu, na hata Kiswahili kinazo. Sisi nguo twafua, vyombo twaosha, mikono twanawa. Mwingereza hutumia "wash" kwa yote matatu. Twapiga pasi, twapiga picha, twapiga simu na wala hakuna anayeumia! Mgeni akisema anafua mikono, tutamcheka, ingawa tumemwelewa. Mwanao naye hutafsiri neno kwa neno, akaingia katika mtego huo huo.

Kwa mtoto wa Isiolo mtego huu una uchungu wake. Katika mji huo Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni, na Kiswahili huwaunganisha. Katika Kiswahili aweza kusema kundi la ng'ombe, kundi la kondoo au kundi la ngamia, yakatosha. Kiingereza humdai "herd of cattle" na "flock of sheep", na ngamia wakifuatana na mizigo mgongoni humdai "caravan". Inasikitisha mtoto aliyekua akichunga wanyama hao kupoteza alama kwa kuwataja tu.

Na alama zenyewe si za mzaha. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE huwa na kifungu chenye mapengo 10, kila pengo alama 1. Aghalabu, neno linalotakiwa hutambulika kwa jirani yake.

Wataalamu waliliona jambo hili zamani. Katika miaka ya 1950, J. R. Firth wa Chuo Kikuu cha London alisisitiza kwamba maana ya neno itazamwe pia katika maneno linaloandamana nayo. Kabla ya hapo A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Kiingereza nchini Japani, alitunga na wenzake kamusi ya wanafunzi wa kigeni iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa mwaka 1948. Wajukuu wa kamusi hiyo wamo katika shule zetu hadi leo. Lakini wanafunzi wengi husoma maana tu na kuiruka mifano, na kumbe ndoa zimo katika mifano!

Hata hivyo, usimfundishe mwanao kwamba kila ndoa hufungwa Uingereza. Masika tunayaita "long rains" na vuli "short rains". Uingereza haina misimu hiyo. Jozi hizo ni za kwetu Afrika Mashariki, nazo ni Kiingereza safi.

Basi, nawe mwanafunzi, nunua daftari dogo. Usiandike "rain" peke yake. Andika "heavy rain". Usiandike "mistake", andika "make a mistake". Kisha tunga sentensi na uisome kwa sauti. Jozi 2 kila jioni ni jozi 14 kwa juma, na haba na haba hujaza kibaba.

Nawe mzazi, mtoto akikosea usimcheke. Mwambie kwamba wino ule mwekundu haukusema yeye ni mjinga. Ulisema tu kwamba amelikuta neno, bado hajakutana na mwenziwe.