Gari Inamisi? Hivi Ndivyo Utajua Shida Iko Wapi Kabla Uambiwe Ununue Injini Ingine

Gari ikianza kumisi hapa Isiolo, kila mtu stage hugeuka makanika. Mmoja anasema ni plagi. Mwingine anaapa ni pampu. Wa tatu anatingisha kichwa tu: "Buda, hiyo injini imeenda. Tafuta ingine."

Ukiwasikiza wote utanunua spea zote na gari bado itatetemeka. Na ukikata kona ya kuelekea Moyale ikiwa hivyo, jua ukishapita Archer's Post makanika ni wa kuhesabu. Bora ujue shida ungali town.

Kumisi ni nini?

Tuchukue Probox ya petroli ya 1500cc, juu ndio zimejaa huku. Iko na silinda nne, kila moja na plagi yake na koili yake. Silinda ndio iwake inataka vitu tatu: hewa na mafuta kwa kipimo poa, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni. Kimoja kikikosa, silinda inalala.

Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda inafaa kuwaka mara 400. Moja ikilala, tatu zinabeba mzigo wa nne. Hiyo ndio tetemeko unaskia kwa kiti.

Kwanza, inamisi saa ngapi?

Hili swali ni la bure na linaweza kukuokolea doo mob.

Inamisi ikisimama lakini ukikanyaga inatulia? Shuku paipu ya hewa imepasuka. Joto la huku hukausha raba mpaka inakatika.

Iko sawa kwa tambarare lakini ukipanda kuelekea Subuiga na Timau inakohoa? Mzigo ukizidi, presha ndani ya silinda inapanda na moto wa plagi unapata kazi ngumu kuruka. Koili imechoka ama plagi zimezeeka. Filta ya mafuta iliyoziba pia huleta hiyo maneno.

Imeanza ukitoka carwash? Maji yameingia kwa mashimo ya plagi. Toa koili, panguza, kausha.

Imeanza baada ya kujaza tenki? Shuku mafuta. Kuchanganya mafuta taa na mafuta ya gari kulisumbua Kenya mpaka 2018 serikali ikawekea mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita.

Cheki taa ya injini

Ikiwaka na kutulia, tafuta mtu wa mashine ya kupima. P0301 inamaanisha silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo. P0300 ni kumisi kwa kurukaruka, kwa hivyo angalia kitu inahudumia silinda zote: mafuta ama hewa.

Lakini taa ikianza kumweka-mweka, punguza mwendo na usimame mahali salama. Petroli haijachomeka inaingia kwa bomba la moshi na inaweza kuunguza kifaa cha kusafisha moshi, na hicho bei yake si ya mchezo.

Huna mashine? Injini ikinguruma, chomoa soketi ya waya ya koili moja, skiza, rudisha, enda kwa ingine. Ukichomoa na injini ikazidi kutetemeka, hiyo silinda ilikuwa inafanya job. Ukichomoa na hakuna kitu imebadilika, umepata mlalaji. Chomoa soketi tu. Usitoe koili yenyewe injini ikiwa on, huo moto ni maelfu ya volti.

Hamisha kabla ununue

Hapa ndio wasee wengi hupigwa. Zima gari, toa koili ya silinda iliyolala, uibadilishane na ya jirani. Kumisi kukihama nayo, nunua koili moja, sio nne. Kukibaki pale pale, fanya hivyo hivyo na plagi.

Ukiwa hapo, soma plagi. Rangi ya kahawia ama kijivu, iko fiti. Nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi ama filta ya hewa imejaa vumbi. Imelowa petroli, haipati moto. Imelowa oili, sili zimeisha ama ringi zimechoka.

Koili na plagi ziko poa? Chukua bisibisi ndefu, ncha kwa injekta, mpini kwa sikio. Inafaa kugonga tik-tik-tik. Moja ikinyamaza, waya ama injekta yenyewe ndio shida.

Mwisho ndio kompresheni. Makanika apime silinda zote nne mbele yako. Moja ikiwa chini sana, atie oili kidogo kwa shimo la plagi apime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikikataa kupanda, shuku valvu, ama gasketi ya hedi, hasa kama maji ya rejeta yanapungua na hakuna mahali yanavuja.

Ni hapo tu ndio story ya kufungua injini inaanza. Mtu akikuambia injini imeenda na hajatoa hata plagi moja, muulize swali rahisi: silinda gani, na umepima aje?