Mpiga Ngoma Aliyemo Ndani ya Kompyuta

Wengi wetu hudhani kwamba muziki wa kompyuta hujipiga wenyewe: mtu anabonyeza kitufe, kisha anakunja mikono. Nami nilidhani hivyo hadi likizo ya Desemba, nilipoandamana na mjomba kwenye tamasha la sanaa hapa ufuoni Asembo Bay. Mjomba amepiga ngoma za ohangla tangu ujana wake.

Jukwaani hapakuwa na ngoma wala orutu. Alikuwako kijana mmoja tu, kompyuta, kinanda kidogo cha umeme na kisanduku chenye vitufe. Hamadi! Ohangla ikalia kwenye spika, vumbi likatimka. Mjomba hakucheza. "Hizo ni ngoma zenyewe, mpwa wangu," akaninong'oneza. "Mpigaji yuko wapi?"

Baada ya onyesho tulimwendea kijana, naye akatueleza bila maringo. Maikrofoni hugeuza mlio kuwa umeme. Kompyuta huupima umeme huo mara 44,100 au zaidi kila sekunde na kuuhifadhi kama nambari. Kisha kipande kifupi hukatwa na kurudiwarudiwa bila kuchoka. Kila kitufe kina kipande chake. Kazi ya mpigaji, papo hapo mbele ya watu, ni kuamua kipi kiingie, kipi kinyamaze, na mwendo uongezwe lini. Wapigaji singeli wa Dar es Salaam huukimbiza hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika! Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 mjini Jinja, Uganda, ufuoni mwa ziwa letu hili hili, limewapa jukwaa.

Kumbe kijana hakuwa amekunja mikono. Hata mpiga nyatiti hutumbuiza peke yake: nyuzi nane mikononi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, njuga mguuni, na bado anaimba.

Lakini mjomba alikuwa na swali moja. "Mwanangu, yule uliyerekodi ngoma zake ulimpa nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Soda, mzee."

Soda, jamani! Mashine haina kosa. Haisahau mdundo wala haiombi nauli. Ila sisi wenye mashine tusisahau. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Je, mpiga ngoma aliyemo ndani ya kompyuta atatuzwa na nani?