Kabla Hujaenda Kisugu Kujifunza Ufinyanzi: Chagua Karakana Inayofaa Lengo Lako

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunajibu swali ambalo tumeulizwa na familia zaidi ya moja: kijana wetu anataka kwenda Kampala, afikie kwa ndugu pale Kisugu, ajifunze ufinyanzi. Je, aende karakana gani?

Swali ni zuri, ila kabla yake kuna lingine: anataka udongo umpe nini? Akijua hilo, kuchagua siyo kazi kubwa. Asipojua, atalipa ada, atapanga chumba, halafu atarudi na vikombe viwili na deni.

Na kwetu hili si jambo dogo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi Uganda. Lakini misaada mingi inatolewa kambini, na anayehamia mjini anategemewa ajitegemee. Kisugu hakuna foleni ya mgao. Kuna mwenye nyumba anayegonga mlango mwisho wa mwezi. Basi tuangalie malengo matatu tunayoyasikia sana.

LENGO LA KWANZA: KUPATA PESA MAPEMA

Huyu asikimbilie gurudumu la mfinyanzi. Gurudumu linataka miezi mingi ya mazoezi kabla mkono haujatulia. Atafute mafundi wanaotengeneza sigiri za mkaa zenye udongo ndani, au vyungu vya maua. Ule udongo wa ndani ya sigiri unatunza joto, hivyo mkaa unatumika kidogo. Jiko la namna hiyo lilienea Kenya tangu miaka ya 1980. Na Kisugu, kama ilivyo Namuwongo na Kabalagala jirani zake, nyumba nyingi zinapika kwa mkaa. Wateja wapo. Kazi yenyewe ni kuchanganya udongo, kuujaza kwenye kalibu, kuukausha polepole kivulini na kuuchoma. Kabla ya kulipa, angalia sigiri zao ambazo zimeshatumika. Kama udongo umepasuka wote, fundi huyo bado naye anajifunza.

LENGO LA PILI: CHETI

Anayetaka kuwa mwalimu wa sanaa au kuajiriwa kiwandani anahitaji chuo. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na ufinyanzi unafundishwa pale hadi leo. Chuo Kikuu cha Kyambogo nacho kinafundisha. Ila huko wanataka karatasi za sekondari, na kutoka Kisugu kila siku ni nauli. Asiye na karatasi hizo aulize vyuo vya ufundi, na swali la kwanza liwe hili: cheti chenu kinatambuliwa na serikali? Cheti chenye picha nzuri na mhuri wa mwenye karakana peke yake, mwajiri atakuuliza ni cha nini.

LENGO LA TATU: KUTULIZA MOYO

Wengine wanapenda tu kushika udongo, na baada ya tuliyoyapitia hilo nalo ni hitaji. Lakini kwa hili, mama, baba, hakuna haja ya kuhama. Bibi zetu wa Kivu, Burundi na Rwanda walifinyanga kwa kuzungusha kamba za udongo kwa mkono, bila gurudumu, na wakachoma kwa nyasi na kuni nje. Moto huo unafika nyuzi 600 hadi 900 hivi, unatosha kwa chungu cha kupikia na mtungi wa maji. Kambini wapo wazee ambao bado wanajua. Waulizeni wakiwa bado nasi.

MASWALI YA KUULIZA MLANGONI

1. Wanafunzi wangapi, magurudumu mangapi? Watu kumi kwa gurudumu moja, hapo utakuwa mtazamaji.

2. Tanuri ni la kuni, gesi au umeme, na nani analipa kuchoma? Vyombo vyenye glezi, ile rangi inayoyeyuka na kung'aa kama kioo, mara nyingi vinataka nyuzi zaidi ya 1,000. Huo ni moto wa pesa, na bili inaweza kuja nje ya ada.

3. Tutafundishwa kuandaa udongo wenyewe? Udongo mzuri upo karibu na Kampala, ndiyo maana kiwanda cha Uganda Clays kipo Kajjansi tangu mwaka 1950. Lakini ukipewa udongo tayari kila siku, ukirudi kambini utasimama mbele ya bonde usijue uchimbe wapi, wala uchanganye mchanga kiasi gani.

4. Vyombo nitakavyotengeneza ni vya nani?

5. Naweza kuongea na aliyemaliza hapa?

Msione tunauliza mengi. Kijana mmoja wa hapa kwetu alikaa karakana moja ya mjini miezi mitatu. Alibeba udongo, alipasua kuni, alifagia. Gurudumu hakuligusa hata siku moja, na ada alikuwa ameshalipa yote. Tangu mwanzo hakuna aliyemwambia atafundishwa nini wiki gani, na yeye hakuuliza.

Kwa hiyo ushauri wetu: nenda kwanza kwa siku mbili tu, utembelee karakana tatu, utazame, urudi. Kaeni kama familia, mpige hesabu ya ada, chumba, chakula na nauli ya miezi yote. Kama hesabu haikubali, anzeni na udongo wa hapa hapa.

Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji. Na mpango wa kijana ni vivyo hivyo: usahihisheni leo, kabla tiketi ya basi haijakatwa. Tukutane toleo lijalo.