Dawa za sonona na tendo la ndoa: Zipi zinaathiri zaidi?

Chukulia baba wa watoto watatu aliyekuwa halali, haongei, na kazini anafika kwa kujikokota. Akaenda hospitali, akaambiwa ana sonona, akapewa vidonge. Baada ya wiki tano hivi mkewe anaona mabadiliko. Mume anakula, anawauliza watoto habari za shule, na Jumamosi amelitengeneza mwenyewe banda la kuku lililokuwa limeanguka tangu masika.

Shida ni usiku. Akipanda kitandani anageukia ukutani. Mama Neema anavumilia mwezi mmoja, wa pili anaanza kupekua simu. “Baba Neema, kama kuna mwanamke mwingine niambie tu.”

Hakuna mwanamke mwingine. Kuna kidonge anachomeza kila asubuhi. Mwenyewe hajui kama ndicho kilichosababisha, na hata angejua, angeona aibu kumweleza daktari.

Aibu hiyo iliwahi kupimwa. Mwaka 1997 madaktari wa Hispania walichapisha utafiti wa wagonjwa 344 waliokuwa wakitumia dawa za sonona za kundi linalofanya kazi kwenye kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Waliojieleza wenyewe kwamba tendo la ndoa limeharibika walikuwa asilimia 14 tu. Walipoulizwa moja kwa moja, idadi ikapanda hadi asilimia 58. Dawa ni zilezile, tofauti ni kuulizwa.

Matatizo yenyewe huja kwa sura tatu. Wapo wanaopoteza hamu kabisa. Wapo ambao mwili haujibu: mwanamume anakosa nguvu, mwanamke anabaki mkavu. Na wapo, wake kwa waume, wanaochelewa mno kufika kileleni au wasiofika kabisa. Hili la tatu ndilo alama kubwa ya dawa za serotonini, kiasi kwamba baadhi ya madaktari huzitumia kwa makusudi kuwatibu wanaume wanaomaliza haraka.

Serotonini ikiongezeka mawazo hutulia, lakini kemikali hiyohiyo hupunguza kasi ya njia za ubongo na uti wa mgongo zinazoendesha msisimko. Ndiyo maana dawa zinazopitia njia nyingine huwa na nafuu.

Zinatofautiana kiasi gani? Timu hiyo ya Hispania ilirudi mwaka 2001 na utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 1,022 ambao kabla ya dawa hawakuwa na tatizo chumbani. Waliopata tatizo kwa sitalopramu walikuwa karibu asilimia 73, paroksetini 71, venlafaksini 67, sertralini 63, na fluoksetini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Prozac, asilimia 58. Kwa mirtazapini walikuwa asilimia 24 tu.

Tarakimu hizo zisichukuliwe kama matokeo ya ligi. Tofauti ya sertralini na fluoksetini ni ndogo, na mtu mmoja anaweza kuathirika na hii akaipita ile salama. Pengo la kuzingatia ni lile kati ya kundi la serotonini na mirtazapini. Dawa nyingine yenye sifa nzuri upande huu ni bupropioni, ambayo haigusi serotonini.

Lakini nafuu ya chumbani ina bei yake. Mirtazapini huleta usingizi mzito na hamu ya kula, na uzito hupanda. Bupropioni inaweza kuamsha degedege, hivyo haifai kwa mwenye kifafa. Halafu kuna suala la upatikanaji. Dawa za sonona zilizo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ni pamoja na fluoksetini na amitriptilini. Amitriptilini ni ya zamani na ya bei nafuu, hutumika pia kwa maumivu ya neva, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, huleta usingizi, na chumbani nako inaweza kuleta shida. Klomipramini, ndugu yake, inajulikana zaidi kwa kuzuia watu kufika kileleni.

Kosa kubwa ambalo mtu hulifanya akigundua haya ni kuvitupa vidonge kimyakimya. Ukikatisha ghafla, hasa paroksetini na venlafaksini, unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira na hali kama ya kupigwa shoti kichwani. Baya zaidi, sonona inaweza kurudi, nayo ina hatari ya mtu kujidhuru. Isitoshe, sonona yenyewe huua hamu, kwa hiyo aliyeacha dawa anaweza kujikuta amepoteza vyote viwili.

Daktari akiambiwa ana njia kadhaa. Kwanza ataangalia kama kuna kingine kinachochangia: kisukari, baadhi ya dawa za presha, pombe. Kisha anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa taratibu, au kuongeza nyingine. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wanaume 90 waliopata tatizo hili kwa dawa za sonona waligawanywa. Kati ya waliopewa sildenafili, karibu asilimia 55 walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hiyo si ruhusa ya kwenda kununua “dawa za nguvu” mtaani. Sildenafili ikichanganywa na dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kushusha presha hadi kuua.

Kwa walio wengi tatizo huisha dawa ikiachwa kwa utaratibu. Kwa wachache hubaki. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitaka vipeperushi vya dawa za serotonini vitaje hilo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla hajaanza.

Kwa Baba Neema, pa kuanzia ni karatasi ndogo: jina la dawa na dozi, tarehe aliyoanza, hali ya chumbani ilivyokuwa kabla, na kilichobadilika. Akishindwa kusema kwa mdomo, amkabidhi daktari karatasi hiyo. Na Mama Neema anaweza kuingia naye, maana mara nyingi mke ndiye anayekumbuka vizuri ilianza lini.