Namba ya tarakimu milioni 41: inajulikanaje kwamba haigawanyiki?

Tarehe 21 mwezi wa kumi 2024, wanahesabu walitangaza namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi siku hiyo. Ina tarakimu 41.024.320. Mtu akisoma tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya siku 475 hivi.

Namba tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Machungwa 12 unaweza kuyapanga katika mafungu 3 au 4 yaliyo sawa. Machungwa 13 hayakubali: ukiyapanga mafungu 2, 3, 4 au zaidi, hayatakuwa sawa, isipokuwa ukiweka moja moja.

Namba hiyo mpya inapatikana hivi: andika 2 mara 136.279.841, uzizidishe zote, kisha utoe 1. Namba za namna hiyo zinaitwa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka wa 1644 alitoa orodha ya zile alizodhani ni tasa. Ndani yake kulikuwa ile inayotokana na 2 zilizo 67.

Watu walimwamini kwa miaka zaidi ya 200. Mwaka wa 1876, Mfaransa Édouard Lucas alihakikisha kwamba namba hiyo si tasa, ingawa hakujua inagawanyika kwa ngapi. Jibu lilikuja 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba ni 193.707.721 mara 761.838.257.287.

Njia ya Lucas, iliyoboreshwa baadaye na Derrick Lehmer, ndiyo inayotumika hadi leo. Tuijaribu kwa 31, inayotokana na 2 zilizo tano. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: unapata 14. Rudia: 194. Gawanya kwa 31, kinabaki 8. Rudia: 62. Gawanya kwa 31, hakibaki kitu. Basi 31 ni tasa. Kama kingebaki kitu, isingekuwa tasa.

Kwa 31 zilitosha hatua 3. Kwa namba mpya zilihitajika 136.279.839.

Aliyeivumbua ni Mmarekani Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Nvidia. Alitumia mashine zilizotawanyika katika nchi 17. Ya Dublin, Ireland, ilitoa dalili tarehe 11. Kesho yake nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha. Hata hivyo haikutosha: hesabu ilirudiwa kwa mashine na programu tofauti kabla ya kutangazwa.

Namba hiyo bado haina kazi ya kila siku. Siri za intaneti hulindwa kwa namba tasa zenye tarakimu mamia tu. Lakini mradi wa GIMPS, ulioanza 1996, unampokea yeyote mwenye kompyuta. Na dola 150.000 zinamngoja atakayepata wa kwanza namba tasa yenye tarakimu milioni 100.