Sanduku Linaloamuru Injini ya Gari

Wasomaji wengi wa gazeti letu hili wamepata kupanda gari, lakini nadhani ni wachache waliopata kuliona sanduku dogo lililofichwa nyuma ya kijidroo kilicho mbele ya abiria, ambalo likiharibika gari zima husimama kama jiwe. Mimi nami sikulijua mpaka likizo ya mwezi wa Juni, wakati gari la baba mdogo lilipokataa kuwaka likakaa uani majuma matatu. Gari hilo ni dogo, la Kijapani, lililonunuliwa likiwa limekwisha tumika, na ndilo analobebea abiria ili nyumba ipate kula. Kwa hiyo jambo hili halikuwa mchezo, na kila siku iliyopita tuliihesabu.

Mafundi wetu huliita sanduku hilo kontroli boksi. Kwa kweli ni kompyuta. Ni boksi la aluminiamu, pana kama daftari na nene kidogo kuliko kamusi, na upande mmoja lina soketi zinazoingiza nyaya nyingi sana. Katika magari mengine hukaa chini ya boneti karibu na injini. Ndani yake mna kibao cha saketi chenye vijidude vidogo vilivyounganishwa kwa risasi ya kulehemia.

Kazi yake ni kupokea habari na kutoa amri. Habari huletwa na sensa: moja hupima joto la maji, nyingine hewa inayoingia, nyingine hutazama mzunguko wa shafti ya injini, na nyingine hupima oksijeni iliyobaki katika moshi. Wenzangu wa Kidato cha Tatu mnaosoma ukinzani wa umeme, hebu itazameni sensa ya joto la maji. Katika magari mengi ya Kijapani, maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi ukinzani wake ni kama omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80 hushuka hata omu 200 hadi 400. Sanduku hupeleka volti 5 katika sensa hiyo, kisha husoma volti zinazobaki, likajua injini ni ya baridi au ya moto. Ndipo linapoamua petroli kiasi gani imwagwe na cheche ipigwe saa ngapi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche hizo ni 100 kwa kila sekunde moja. Fanyeni hesabu wenyewe, mkikumbuka kwamba kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta na platini, vitu ambavyo fundi aliweza kuvirekebisha kwa bisibisi na kipande cha msasa. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo wa umeme wa kumwaga petroli, ukatiwa katika magari ya Volkswagen yaliyouzwa Marekani. Na mwaka 1979 ikaunganisha petroli na cheche chini ya sanduku moja, katika gari la BMW. Wazee husema magari ya kabureta yalikuwa bora. Mimi sikubaliani nao, maana yalikula petroli nyingi zaidi na kutoa moshi mchafu zaidi. Lakini hapo penye bisibisi na msasa wana haki.

Sasa nirudie gari letu. Fundi wa kwanza alifika, akawasha swichi, akaona ile taa ya injini haiwaki kabisa, akasema papo hapo, "Kontroli boksi imekufa." Hakupima kitu chochote. Baba mdogo akauza mbuzi wawili, akaagiza sanduku kuukuu kutoka mjini, likaja, likafungwa. Mara hii taa iliwaka, injini ikapiga mzunguko mmoja wa furaha, kisha ikazima. Tukajaribu mara kumi, ikawa vile vile. Fundi akakuna kichwa, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Fundi wa pili alikuwa mzee mpole mwenye mita ya umeme mfukoni. Baba mdogo alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akamweleza yote. Yule mzee hakuligusa sanduku jipya. Alitaka lile la zamani lirudishwe kwanza, ndipo nikapata somo ambalo bado nalikumbuka neno kwa neno.

"Mwanangu," aliniambia, "sanduku ni mshitakiwa wa mwisho. Tuulize kwanza kama limelishwa."

Akapima fyuzi na rilei, kisha nyaya zinazoleta umeme wa betri katika sanduku: volti 12 na kidogo, sawa. Halafu akaweka mita baina ya waya wa ethi wa sanduku na ncha hasi ya betri, nami nikapiga stata. Mita haikufika hata sehemu moja ya kumi ya volti, maana yake ethi ni nzuri. Aliniambia kwamba gari nyingi zinazosemekana zimeharibika sanduku huwa na ethi iliyopata kutu tu, au fyuzi iliyoungua, na mwenyewe hulipa bure. Baada ya hayo akazitafuta zile volti 5 ambazo sanduku hulisha sensa. Hazikuwapo. Mimi nikadhani kesi imekwisha, kumbe bado. Sensa moja ikipiga shoti huweza kuzimeza volti zote hizo, sanduku likasingiziwa. Basi tukachomoa sensa moja baada ya moja huku tukitazama mita. Zilipochomolewa zote na mita bado inaonyesha sifuri, ndipo aliposema sasa sanduku lina hatia.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa amesema kweli, ila alibahatisha, na ndiyo sababu hakujua la kufanya baadaye. Hata wenye mashine ya kusoma makosa hudanganyika vivyo hivyo. Mashine huandika namba: P0115, mathalani, huhusu saketi ya sensa ya joto la maji, lakini haisemi kama ni sensa, ni waya, au ni soketi. Namba P0606 ndiyo inayolitaja sanduku lenyewe, na hata hiyo yafaa kuipimia umeme na ethi kwanza.

Mzee akauliza kama gari lilichomewa chuma karibuni. Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba siku mbili kabla ya kuharibika alikuwa amechomelewa bomba la moshi kwa umeme, na betri haikufunguliwa. Hapo tukajua muuaji. Sababu nyingine ni maji yanayovuja kupitia kioo cha mbele, kuigeuza betri ncha kwa ncha, na kapasita za magari ya zamani zinazovuja dawa yake ikala kibao. Wakati mwingine kosa hutoka kiwandani: mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliyaita magari yapata milioni 1.13 ya Corolla na Matrix yaliyouzwa Marekani na Kanada, ya miaka 2005 hadi 2008, kwa kuwa viungo vya risasi ndani ya sanduku viliweza kupasuka na gari likazima njiani.

Je, kwa nini sanduku la mbuzi wawili halikufanya kazi? Kwa sababu mbili. Kwanza, namba iliyoandikwa juu yake haikuwa sawa na ya letu. Tarakimu tatu za mwisho zilitofautiana, na tofauti hiyo huweza kuwa ya gia, au ya nchi gari lilikokusudiwa kuuzwa. Pili, ndani ya kichwa cha ufunguo mna kijidude kidogo chenye namba yake ya siri. Ukitia ufunguo, koili iliyozunguka tundu la swichi huisoma namba hiyo, na sanduku hulinganisha na ile lililoihifadhi. Zisipopatana, petroli hukatwa. Sanduku letu lilikuwa likiungoja ufunguo wa gari la watu wengine, pengine huko Japani.

Dawa yake ni kununua sanduku pamoja na ufunguo wake na sehemu inayosoma ufunguo, au kuhamisha kumbukumbu. Mzee alichagua la pili. Baba mdogo aliweza kulirudisha lile la kwanza, akakatwa fedha kidogo, akapata jingine lenye namba ile ile kabisa. Mzee alilifungua, akang'oa kwa hewa ya moto kijidude chenye miguu minane kinachohifadhi namba ya ufunguo, akakitoa na cha letu, akavibadilisha. Mikono yake haikutetemeka; yangu ilitetemeka kwa kumtazama tu.

Kabla ya kulifunga alipima nozeli zote nne na koili. Nozeli nzima za gari kama letu huwa kama omu 12 hadi 16, yaani kwa volti 12 hupita ampia moja tu au pungufu. Kama moja imeshuka hata omu 2, zitapita ampia 6, na sanduku jipya litaungua kama la zamani. Zetu zilikuwa nzima. Ufunguo ukatolewa, waya hasi wa betri ukafunguliwa kwa spana namba 10, tukangoja zaidi ya sekunde 90 ili ile mifuko ya hewa isilipuke kwa umeme uliobaki. Alishika chuma cha bodi kwanza, kuondoa umeme tuli mwilini, wala hakugusa pini kwa vidole. Kufunga kwenyewe kulichukua dakika ishirini, parafujo nne na soketi.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Ilinguruma ovyo kwa muda, ikipanda na kushuka, nami nikaingia hofu. Mzee akacheka akasema inajifunza upya, tuiache. Baada ya robo saa ilitulia. Baba mdogo alibeba abiria jioni ile ile.

Sanduku la zamani nilipewa mimi. Nimelifungua, na karibu na pembe moja ya kibao pana doa jeusi dogo kama mbegu ya papai. Liko katika maabara ya fizikia, juu ya kabati la mita. Atakaye kulitazama aombe ruhusa kwa mwalimu wa zamu.