Sauti si Kichocheo

Swali limerudi, safari hii kutoka kwa kijana anayepima risasi kwenye maji ya kisima: "Nikitumbukiza seli kwenye beseni la ultrasaundi mkondo wa umeme unapanda. Kumbe sauti nayo ni kichocheo?"

Hapana. Kichocheo hushusha kizingiti cha nishati cha mmenyuko, ultrasaundi haikigusi. Kazi yake ni uchukuzi. Elektrodi ikishamaliza ioni zilizo jirani, za mbali hujikongoja kupita tabaka la maji yaliyotulia. Kwa ferosianidi kwenye maji yasiyokorogwa, tabaka hilo hufikia karibu mikromita 150 baada ya sekunde 10, na bado linanenepa, ndiyo maana mkondo huzidi kushuka. Elekeza pembe ya ultrasaundi ya kilohezi 20, ile fimbo ya metali inayotetema, kwenye elektrodi: msukumo wa maji na viputo vinavyopasukia usoni pake hulikwangua tabaka likabaki mikromita chache. Mkondo hupanda, kisha hutulia. Huamini? Shusha volti mpaka kinachochelewa kiwe uhamaji wenyewe wa elektroni, dhibiti joto, washa sauti. Elektrodi ikiwa safi, mkondo hautikisiki kitu.

Beseni ndilo linaloniudhi zaidi. Ni lile lile la sonara la kusafishia vito! Kwa kilohezi 40, wimbi ndani ya maji lina urefu wa sentimita 3.7, hivyo penye nguvu na penye utulivu pametengana kwa chini ya sentimita 1. Chovya foili ya jikoni wima kwa nusu dakika: itatoka na matundu mistari mistari, na katikati ya mistari haina hata mkwaruzo. Seli yako ilikaa mstari upi jana? Na leo? Tena maji yanapata moto, na kila nyuzi 1 huongeza kasi ya ioni kwa takriban asilimia 2. Halafu unaniletea grafu.

Unataka mkondo mkubwa unaorudiwa? Tumia elektrodi ya diski inayozunguka: kwa mizunguko 1,600 kwa dakika tabaka ni kama mikromita 11, na mlinganyo wa Levich unakufanyia hesabu ya mkondo. Sampuli ni damu au tope linaloziba elektrodi? Hapo pembe inastahili bei yake, viputo husugua huku unapima. Pima umbali wa ncha kwa milimita, zungushia seli maji baridi, tafuta unene wa tabaka kwa ferosianidi kwanza, ncha ya metali isiguse umeme wa potenshiostati, kifaa kinachodhibiti volti ya seli. Filamu nyembamba ya dhahabu usiisogeze karibu, huweza kubanduka.

Kijana wa kisima hahitaji hata hayo. Koroga kwa sumaku: kasi ile ile, sekunde zile zile, kwa sampuli na kwa myeyusho wa kulinganishia.